Mfupa wa Mkono wa Kushoto: Mwongozo wa Kujaza Kisanduku Kilichoandikwa "Si Lazima"

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, steshenari za Bagamoyo hujaa watu kama nyumba ya harusi. Hapa Dunda kuna duka moja dogo lenye kompyuta mbili na feni inayozunguka ikipenda, na hapo ndipo ninapokaa jioni kusaidia vijana kujaza fomu za vyuo. Jina linaingia. Namba ya mtihani inaingia. Tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, sanduku la posta la jirani, vyote vinaingia bila matata. Kisha ukurasa unateremka hadi chini kabisa, na pale chini kuna kisanduku cheupe: Taarifa za ziada. Si lazima.

Hapo duka zima hunyamaza.

Safari hii alikuja binti mmoja na bibi yake na mjomba wake. Alikuwa anaomba ufadhili wa kusoma nje.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Hapa palipoandikwa si lazima, niandike nini?"

Sijafungua mdomo, kijana wa kompyuta akamwambia aandike kwamba anapenda kusoma vitabu na kusikiliza muziki, maana wote huandika hivyo. Mjomba akataka aweke picha aliyopigwa na mgeni rasmi siku ya mahafali. Bibi alikuwa amekalia ndoo iliyogeuzwa karibu na mlango, kanga yake bado ina magamba mawili matatu ya samaki. Akasema, "Si aandike kwamba anapara samaki na kuanika dagaa na mimi pale sokoni?"

Duka likacheka. Binti akainamisha uso.

Mimi sikuona cha kucheka. Kati ya wote waliokuwamo mle dukani, bibi ndiye aliyekuwa karibu na jibu, na mjukuu wake ndiye aliyeona haya. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya haya ile. Nataka iondoke, kwa binti yule na kwa kila kijana wa pwani hii anayedhani kwamba maisha yake hayana neno la kuandikwa kwenye fomu ya chuo.

Vifaa vinavyohitajika

Daftari moja la kurasa chache. Kalamu ya risasi yenye kifutio, maana utafuta zaidi ya utakavyoandika. Ungo, ambao nitaueleza mbele. Bibi mmoja, au shangazi, au babu, ambaye anakujua tangu ukitambaa na hakuonei aibu kukwambia "hapo umeongeza chumvi." Na siku saba kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Nasema siku saba, wala si saa saba, kwa sababu nimewaona vijana wakijaza kisanduku hiki usiku wa mwisho, mtandao unakatika kila dakika kumi, na wanachoandika usiku ule hakiwafanani.

Hatua ya kwanza: Mjue anayesoma

Usiandike hata neno moja kabla hujajua nani atalisoma. Wasomaji wa maombi ni wa namna nne, na kila mmoja ana njaa yake.

Wa kwanza ni hesabu. Ukiomba shahada kwenye chuo kikuu cha nchini, kinachosomwa ni ufaulu wako. Kulikuwa na mfumo wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ulioanza 2010 na kusitishwa 2017. Siku hizi unaomba chuoni moja kwa moja, lakini mzani ni uleule. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na kwa kozi nyingi unatakiwa uwe na principal mbili zenye jumla isiyopungua pointi 4. Mzani huo hausikilizi hadithi. Ukikosa pointi, hata uandike kwa machozi haitaongezeka nusu. Kwa msomaji huyu hakikisha namba yako ya mtihani haina kosa, chagua kozi zinazolingana na masomo yako, kisha nenda kalale.

Wa pili ni Bodi ya Mikopo. Bodi iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya 2004 na ilianza kazi Julai 2005, na tangu hapo vijana wengi wa Dunda wamesoma kwa mkono wake. Bodi haitaki simulizi, inataka karatasi. Kufiwa na mzazi, kwake, ni cheti cha kifo kilichohakikiwa na wasajili wa vizazi na vifo, yaani RITA, au ZCSRA kama ni Zanzibar. Ulemavu ni fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Kaya inayosaidiwa na TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, ni namba ya kaya. Hapa neno "kama ipo" kando ya kiambatisho limewaponza wengi. Kijana anaona si lazima, anapita, kumbe cheti kile ndicho kingesema kwa niaba yake. Kama baba yako alifariki nawe huna cheti chake, anza kukitafuta Januari. Ukingoja dirisha lifunguliwe, utapanga foleni na nchi nzima.

Wa tatu ni jicho na sikio. Sisi Bagamoyo tunamjua huyu vizuri, kwa sababu Chuo cha Sanaa kipo mlangoni petu tangu 1981, na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na ilimba aliyeishi na kufundisha mji huu hadi kifo chake mwaka 2003, aliitwa Dar es Salaam miaka ya 1960 kwa sababu sifa ya mikono yake ilimfikia Rais Nyerere. Katika sanaa, taarifa ya ziada ni kazi yenyewe. Rekodi ya dakika mbili ambamo ngoma inasikika na uso wako unaonekana ina uzito kuliko ukurasa mzima wa "nina kipaji tangu utotoni." Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga walikuwa wanaongelea biashara, lakini wangekaa kwenye meza ya usaili wangesema hilohilo.

Wa nne ni mtu aliye mbali, pengine ng'ambo ya bahari, ambaye hajui Dunda ni nini. Huyu ndiye mwenye kisanduku cheupe, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kwa ajili yake. Fomu ya Common App, kwa mfano, inatumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, vingi vyao Marekani. Ina nafasi 10 za shughuli zako nje ya darasa, na kila moja unaielezea kwa herufi zisizozidi 150, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Kisha kuna sehemu ya taarifa za ziada, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na maneno 650 na tangu 2025 imepunguzwa hadi 300. Nadhani wameibana kwa sababu watu waliitumia kama stoo.

Nami natamani kila mzazi wa Dunda alijue jambo hili: katika orodha ya shughuli kwenye fomu ile, miongoni mwa michezo na vyama vya wanafunzi, kuna kipengele cha kazi ya kulipwa na kipengele cha majukumu ya nyumbani. Vimechapishwa pale, vina nafasi yao. Bibi wa kwenye ndoo hajawahi kuiona fomu ile, lakini alikuwa sahihi kuliko sisi wenye miwani.

Hatua ya pili: Mwaga kila kitu, kisha pepeta

Chukua daftari. Andika kila kitu ulichofanya tangu kidato cha kwanza, bila kuchagua. Kuteka maji, andika. Kufundisha watoto wa madrasa alifu na bee, andika. Cheti cha semina ya siku moja, kiranja wa chakula, kupiga ngoma kwenye shughuli za mtaani, kumpeleka babu kliniki ya sukari kila mwezi. Jaza kurasa mbili.

Sasa leta ungo. Ungo wenyewe ni swali moja: Nikiliondoa hili, msomaji atakosea kitu gani kunihusu?

Kama hatakosea chochote, hayo ni makapi. Kama atakosea, atadhani wewe mvivu kumbe ulikuwa unauguza mtu, au atadhani hukuwahi kufanya chochote nje ya darasa kumbe unaendesha biashara ya bibi, basi hiyo ni punje. Iache ungoni.

Cheti cha kuhudhuria semina huruka kwa pumzi ya kwanza. Kinasema ulikaa kwenye kiti. Picha na mgeni rasmi nayo huruka: inamweleza mgeni rasmi. "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma na mpenda maendeleo" huruka mbali zaidi, kwa sababu hakuna mwombaji aliyewahi kuandika kwamba ni mvivu. "Napenda kusoma vitabu" huruka pia, mpaka useme kitabu gani na kilikufanya ufanye nini. Kabila, dini na chama cha siasa havina kazi hapa, isipokuwa fomu imeviuliza au ndani yake kuna kazi uliyoifanya kwa mikono yako. Kufundisha watoto thelathini kusoma Kurani kila jioni ni kazi, nayo ni ualimu. Kuwa Mwislamu au Mkristo si jambo la kujazia kisanduku.

Wazazi wengi hapa huniuliza kwa uchungu: "Sasa mwalimu, vyeti vyote hivi tuvitupe?" Msivitupe. Vitieni kwenye bahasha, viwekeni kabatini. Siku ya usaili mtoto akiulizwa, vitatoka. Ila msimrundikie msomaji. Mtu mwenye maombi elfu mezani, ukimpa karatasi kumi na mbili, atasoma ya juu, na ya juu itakuwa ile ya semina.

Hatua ya tatu: Toa unachokificha

Vijana wetu hujaza kisanduku kwa mapambo na kuyaficha yale yanayoeleza. Mficha uchi hazai. Yapo mambo matatu ambayo karibu kila mwombaji wa hapa huyafunika, na yote matatu yanastahili sentensi moja au mbili za wazi.

La kwanza ni herufi P. Namba ya mtihani ya shule huanza na S. Ya mtahiniwa wa kujitegemea huanza na P. Ukiresiti somo, fomu yako itakuwa na namba mbili, miaka miwili, herufi mbili tofauti. Msomaji wa mbali anaona vurugu tupu. Anaweza kudhani ni kosa, anaweza kudhani ni udanganyifu, na hana namba yako ya simu ya kukuuliza. Mwambie: nilifeli somo hili mwaka huu, nikalirudia mwaka uliofuata, nikapata hivi. Kurudia somo ulilofeli bila mwalimu wa darasani ni ujasiri. Sijui nani alitufundisha kuuonea haya.

La pili ni mwaka uliopotea. Wengine waliugua. Wengine nyumba ilikosa mtu wa kupika. Wengine walipata mtoto. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitoa Waraka Na. 2 unaowaruhusu kurudi shuleni wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, na wapo mabinti wa pwani hii waliorudi na kumaliza. Binti kama huyo si lazima aeleze kila kitu. Ni maisha yake, na kisanduku kimesema "si lazima" kwa sababu nzuri. Akitaka kusema, sentensi moja yatosha: niliacha shule mwaka fulani kwa sababu ya uzazi, nikarudi mwaka fulani, haya ndiyo matokeo yangu. Mtu aliyenyonyesha usiku na kufanya mtihani asubuhi hana deni la kuomba radhi kwa yeyote.

La tatu ni shule yenyewe. Kama mlisoma Fizikia kwa miaka miwili bila maabara, au mwalimu wa Hesabu aliondoka na hakuja mwingine kwa miezi mitano, msomaji hawezi kulijua hilo kwenye cheti. Liandike kama unavyoandika hali ya hewa, bila kumlaumu mkuu wa shule. Halafu endelea mara moja na mlichofanya: mligawana sura za kitabu, kila mtu akafundisha moja. Hapo ndipo msomaji anapokaa sawa kwenye kiti chake.

Hatua ya nne: Huzuni yako usiiuze

Nawaomba vijana walisome hili taratibu.

Umesikia kwamba wafadhili wanapenda hadithi za kusikitisha. Basi unafungua kidonda, unakieneza ukurasa mzima, unaongeza na kidonda cha jirani. Usifanye hivyo. Kwanza, uongo ukigunduliwa hata ufadhili uliokwisha kupewa hunyang'anywa, na njia ya mwongo ni fupi. Pili, hata kama yote ni kweli, unajiumiza mwenyewe. Nimemwona kijana akilia mbele ya kompyuta kwa sababu aliambiwa aandike kifo cha mama yake "kwa hisia zaidi." Nikamwomba azime kompyuta, tukatoka, tukatembea mpaka ufukweni, tukakaa juu ya gogo la mashua iliyovutwa kutengenezwa. Tuliporudi aliandika mistari miwili: mama alifariki Machi, siku kumi kabla ya mtihani wa moko, ndiyo sababu alama za muhula ule zimeshuka, za mtihani wa taifa zilipanda tena. Basi. Mistari ile ilimweleza msomaji kila alichohitaji, na mama yule akabaki na heshima yake.

Kipimo chake ni hiki: tukio lenyewe sentensi moja, lilichofanya kwenye masomo yako sentensi moja, ulichofanya wewe baada yake sentensi mbili. Ukijikuta unaandika ya tano, mwite bibi.

Hatua ya tano: Hesabu, pima, taja

Nenda mnada wa samaki alfajiri pale ufukweni. Dalali anapaza sauti, anasifia, anaapa kwamba samaki wametoka majini sasa hivi. Mama muuzaji wa chakula wala hamwangalii. Anainama, anamshika changu kichwani, anafunua mashavu. Yakiwa mekundu, ananyanyua mkono kutaja bei. Yakiwa ya kijivu, anasogea kwenye tenga la pili, dalali anabaki na viapo vyake.

Msomaji wa maombi yako ni mama yule. Maneno ya sifa ni sauti ya dalali. Idadi, saa, jina la kazi na matokeo ndiyo mashavu ya samaki. "Nasaidia nyumbani" haina rangi. "Napika chakula cha watu sita kila jioni tangu nikiwa kidato cha pili" ina rangi nyekundu. "Nashiriki sanaa" haina rangi. "Napiga msondo kwenye kikundi cha ngoma cha mtaani, mwaka jana tulicheza harusi kumi na nne" imejiuza.

Andika kwanza kwa Kiswahili, lugha uliyofanyia kazi ile. Mtu aliyepara samaki kwa Kiswahili akianza moja kwa moja kwa Kiingereza, anaishia kwenye maneno makubwa ya kuazima, na samaki wote wanatoroka. Ukishaona sentensi za Kiswahili zina mashavu mekundu, ndipo uzigeuze, nzima nzima, bila kuziongezea kilemba.

Hatua ya sita: Tafuta shahidi aliyekuona

Barua ya mheshimiwa asiyekujua ni kama kanga mpya yenye jina la mtu mwingine. Tafuta aliyekuona ukifanya: mwalimu aliyekukuta darasani saa mbili usiku, ustadhi, kiongozi wa soko, muuguzi wa zahanati unakojitolea. Mwombe aandike tukio moja alilolishuhudia kwa macho yake. Mpe muda, mpe karatasi, na ukimkuta hawezi kuandika, mwandikie anachosema kama anavyosema, kisha umsomee asahihishe. Hiyo ndiyo barua itakayobaki kichwani mwa msomaji jioni akienda nyumbani.

Mfano uliopita mjini kwetu

Kuna msafara mmoja uliowahi kuingia Bagamoyo ambao ningependa kila mwombaji aukumbuke akiwa mbele ya kisanduku. David Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Waafrika aliokuwa nao, wakiongozwa na Chuma na Susi, walikuwa na uamuzi mgumu: wabebe nini, waache nini? Moyo waliuzika palepale chini ya mti. Mwili wakaukausha kwa chumvi na jua. Jacob Wainwright, aliyekuwa anajua kuandika, akaorodhesha vitu vya marehemu. Wakabeba mwili, madaftari na vyombo vyake vya kupimia, wakatembea miezi mingi, na Februari 1874 wakaufikisha mwili Bagamoyo, ukapokelewa pale Misheni.

Walijua kwamba watu wa mbali wasingeamini neno la wapagazi. Ndiyo maana walibeba ushahidi. Kule London, mwili ulipofunguliwa, uso haukutambulika. Daktari William Fergusson alitazama mkono wa kushoto. Miaka kama 30 nyuma simba alikuwa amemuuma Livingstone na kuuvunja mfupa wa mkono ule, nao haukuunga vizuri. Fergusson alipouona mfupa, shaka ikaisha, na Aprili mwaka uleule akazikwa Westminster Abbey.

Hakutambuliwa kwa medali wala kwa sifa, alitambuliwa kwa mfupa uliounga vibaya. Kila kijana anayekuja kwenye steshenari yetu ana mfupa wake kama ule: mahali alipovunjika, akaunga, na namna alivyounga haifanani na ya mtu mwingine. Huo ndio wa kuweka kwenye kisanduku. Kama Chuma na Susi waliweza kuchagua cha kubeba porini, na safari ya miezi mbele yao, wewe unaweza kuchagua maneno 300.

Hatua ya saba: Ukikosa, acha wazi

Wapo ambao fomu yao imesema kila kitu. Wamesoma bila kukatiza, shughuli zao zimeorodheshwa vizuri, barua yao ya maombi imekaa sawa. Kama ungo wako umebaki mtupu, acha kisanduku wazi kwa amani. Msomaji hatakuadhibu kwa ukimya, na atakushukuru kwa dakika uliyompunguzia. Si lazima maana yake ni si lazima.

Binti na bibi yake

Tulirudi kwenye kisanduku cha binti yule siku tatu mfululizo. Siku ya pili, nikimuuliza kuhusu ule mwaka kati ya kidato cha nne na cha tano, alitoa kwenye mkoba daftari lenye jalada lililovimba kwa maji ya chumvi. Ndani mlikuwa na safu za tarakimu: tarehe, bei ya ndoo ya dagaa, na kando ya kila tarehe kiduara kidogo, kingine kimejazwa wino, kingine kitupu.

"Hiki nini?"

"Mwezi, mwalimu. Giza na mbalamwezi."

Alikuwa ameliita "daftari la hasara za bibi." Hakuwa amefikiria hata mara moja kulitaja. Nilimwomba aandike kuhusu daftari hilo na herufi P, basi, asiongeze kitu. Aliandika hivi:

"Namba yangu ya kwanza ya mtihani inaanza na S na ya pili inaanza na P kwa sababu nilifeli Hesabu kidato cha nne, nikairudia mwaka uliofuata kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwaka huo nilifanya kazi na bibi yangu soko la samaki Dunda kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne asubuhi, siku sita kwa wiki. Tulipara samaki wa wateja na kuanika dagaa. Bibi alikuwa anapata hasara bila kujua sababu, kwa hiyo nikaanza kuandika bei ya ndoo kila siku. Baada ya miezi saba niliona kwamba siku za giza wavuvi wanapata dagaa wengi na bei inashuka. Mbalamwezi ikiwaka wanapata wachache na bei inapanda. Sasa tunanunua na kuanika wakati wa giza, tunauza wakati wa mbalamwezi. Niliporudia Hesabu nilipata B. Naomba kusoma takwimu."

Mjomba aliuliza picha ya mgeni rasmi itakaa wapi. Hakuna aliyemjibu. Kijana wa kompyuta alikuwa ameacha kuchapa kazi ya mteja mwingine, anasoma kioo cha binti kwa juu ya bega lake.

Nikamwomba binti amsomee bibi kwa sauti. Bibi alisikiliza amefumba macho, mikono juu ya magoti. Ilipofika kwenye saa, akafumbua.

"Saa kumi na moja? Saa kumi na moja mashua zimeshafika na dagaa wazuri wameshachukuliwa. Saa kumi, mwanangu. Tulikuwa tunaondoka nyumbani saa kumi."

Binti akafuta neno "moja" na neno "na" lililolitangulia. Akaangalia nyuma, bibi akatikisa kichwa kukubali, naye akabonyeza tuma.